Kufufua gari kuukuu: Vipuri huagizwa, ujuzi hurithiwa

Ndugu msomaji, katika mitaa yetu hapakosi nyumba yenye gari lililofunikwa turubai uani. Matairi yake yameshuka, kuku hutagia chini ya viti vyake, na watoto huchezea usukani wake wakijifanya madereva. Mwenye nyumba akiulizwa hujibu, "Nitalitengeneza nikipata nafasi." Nafasi haipatikani, miaka hupita, na mwishowe gari huuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Makala haya yanahusu gari moja la namna hiyo ambalo halikufika kwenye mizani. Nayaandika kwa sababu kazi ya kulifufua, niliyoifanya kwa mara ya kwanza nikiwa si fundi wala mtoto wa fundi, imenionyesha jambo linaloihusu kila familia, hata ile isiyo na gari wala isiyotazamia kuwa nalo.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z. Wazee wengi wa Afrika Mashariki wakilisikia jina hilo hutabasamu. Kwa ajili ya vijana, yafaa nieleze kidogo. Kampuni ya Nissan ililitoa gari hili huko Japani mwaka 1969 kwa jina la Fairlady Z, na lile lililopelekwa nchi za nje likaitwa Datsun 240Z. Ni gari la michezo, yaani gari la watu wawili tu, lenye boneti ndefu, paa la kuteremka kuelekea nyuma, na mlango mkubwa wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Injini yake ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, zenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, na hupewa mafuta na kabureta mbili.

Heshima yake katika sehemu zetu haikuletwa na matangazo ya biashara. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mashindano ya East African Safari wakiwa katika Datsun 240Z, na gari lililofuata nyuma yao, la Shekhar Mehta na Mike Doughty, lilikuwa 240Z vile vile. Mwaka 1973 Mehta, ambaye alizaliwa Uganda, alishinda yeye mwenyewe akiwa na Lofty Drews, tena kwa 240Z, baada ya kulingana kwa adhabu na Harry Källström aliyekuwa akiendesha Datsun ya aina nyingine. Mashindano hayo yalikuwa yameanza mwaka 1953, na sifa yake ilikuwa vumbi, matope na mito iliyofurika. Gari lililokusudiwa zaidi barabara laini za Marekani lilipata jina lake kubwa katika udongo wetu. Hiyo ndiyo sababu mpita njia mwenye mvi akiliona husimama, na kabla hajanisalimu huanza kusimulia jinsi walivyokuwa wakikusanyika kando ya redio kusikiliza matokeo.

Gari langu mimi halikushindana popote. Lilikuwa mali ya mtu mmoja wa Ilala aliyelitumia kwa safari zake za kawaida, na baada ya yeye kufariki lilikaa uani miaka mingi hadi watoto wake walipoamua kugawana kiwanja. Nililinunua kwa bei inayokaribia ile ya pikipiki iliyotumika. Lilikuja nyumbani juu ya lori, nusu ya mtaa ikitazama, na hapakukosekana waliocheka.

Lakini kabla ya lori kulikuwa na mazungumzo ya nyumbani, nami nayaona kuwa sehemu ya ukarabati kama zilivyo spana na jeki. Mke wangu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Baba, mimi sina ugomvi na gari. Ugomvi wangu ni wa mwezi wa kwanza, mahitaji ya shule yanapotakiwa." Alitoa masharti matatu. La kwanza, fedha ya chakula, ya shule na ya matibabu isiguswe. Gari litengenezwe kwa malipo ya saa za ziada na kwa mauzo ya kuku peke yake. La pili, nisikope hata shilingi moja kwa ajili yake. La tatu ndilo lililoshinda yote kwa busara, ingawa siku ile nililiona kuwa dogo. Alisema, "Kama utakuwa uani kila Jumamosi, usikae peke yako. Mtoto mmoja awe nawe." Binti yetu wa pili, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha pili, akajitolea.

Basi tukaanza. Mtu asiye fundi anapolitazama gari kuukuu huona rangi iliyobabuka, na mawazo yake hukimbilia rangi mpya, kwa kuwa rangi ndiyo wanayoiona majirani. Ukweli ni kwamba rangi ni kazi ya mwisho kabisa. Magari kama hili hayana fremu nzito ya chini kama ya lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu: injini, magurudumu na abiria. Sakafu yake na mihimili ya bati iliyokunjwa chini ya sakafu ikiliwa na kutu, gari linaweza kung'aa kama kioo na bado likawa hatari kwa mtu anayelipanda.

Tulichukua bisibisi na nyundo ndogo tukaanza kupima. Bati zima likigongwa hulia kwa sauti kali. Bati lililooza hutoa sauti ya kufa, na bisibisi huzama ndani yake kama katika papai. Katika aina hii ya gari, kutu hupenda sahani inayokalia betri, kwa sababu ya tindikali. Hupenda mihimili ya chini, mahali maji yanapoingia yasipate pa kutokea. Hupenda pia kona za bodi nyuma ya milango, na sehemu za ndani ya mabawa ya mbele ambamo matope hujikusanya na kushika unyevu. Tena sisi wa Dar es Salaam tuna hewa ya chumvi kutoka baharini, inayofanya kazi usiku na mchana bila mshahara. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na naamini waliosema hivyo wangeelewa mara moja habari ya kutu.

Hapa pana uamuzi wa kufanywa kwa moyo mkavu, ndugu msomaji. La kuvunda halina ubani. Kama mihimili imekwisha kabisa na bodi imepinda, ni heri kulitumia gari hilo kwa vipuri kuliko kuzama nalo. Gari letu lilikuwa limeoza sakafu ya upande wa dereva, sahani ya betri na urefu kama wa mkono mmoja wa mhimili wa kushoto. Sehemu nyingine zilikuwa nzima. Fundi wa kuchomelea alilipima kwa kamba kutoka kona hadi kona, akaridhika kwamba halikupinda. Ndipo tukaamua kuendelea.

Kazi iliyofuata ilikuwa kulifungua gari, na katika kazi hii nilikuwa na faida moja ndogo. Mimi ni karani wa ghala. Kazi yangu ya miaka yote ni kuandika kinachoingia, kinachotoka na mahali kinapokaa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tulinunua daftari la kurasa 96, tukakusanya makopo ya maziwa ya unga kutoka kwa majirani, tukakata vipande vya katoni kuwa vibandiko. Kila bolti iliyotoka iliingia koponi, kila kopo likapewa namba, na kila namba ikaandikwa daftarini pamoja na maelezo: imetoka wapi, ilikuwa na washa ngapi, nati yake ilielekea upande gani. Binti alichora picha za nyaya kabla hazijachomolewa, akapiga na picha za simu. Michoro yake ilitufaa kuliko picha, kwa maana mtu akichora hulazimika kutazama, na kamera haimlazimishi.

Kwa yule anayetaka kujaribu kazi ya namna hii, yapo mambo ya usalama ambayo hayana mjadala. Usiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Weka stendi imara za chuma juu ya sakafu ngumu, kisha ulitikise gari kabla hujaingia. Kabla ya kuchomelea, ondoa betri na ulitoe tangi la mafuta lipelekwe mbali, kwa kuwa tangi tupu lenye mvuke ni la hatari kuliko lililojaa. Vumbi la breki za magari ya zamani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu, maana breki za miaka ile zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, kisha kitupe kitambaa hicho. Na watoto wadogo wasisogee.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi tuliinama sana. Mfano mmoja utatosha. Katika kila gurudumu la nyuma la gari hili kuna pini ndefu ya chuma inayopita katika mkono wa chini na kushika kitovu cha gurudumu. Baada ya miaka mingi pini hiyo hushikana na kutu ikawa kama imezaliwa humo. Mtu akiipiga nyundo, kichwa chake huvimba, na hapo haitoki tena kwa njia yoyote. Tuliiloweka kwa mafuta ya kulegeza kutu kila jioni kwa wiki tatu, kisha tukapeleka sehemu nzima kwa jamaa mwenye mashine ya haidroliki ya kusukuma beringi. Ya kulia ilitoka kwa mlio kama wa bunduki. Ya kushoto ilitaka moto na siku mbili zaidi. Binti aliandika daftarini: "Pini ya kushoto imetoka. Baba ameimba."

Sasa nifike kwenye vipuri. Kila aliyetucheka siku ya lori alitwambia neno moja: "Spea utapata wapi?" Ni swali la haki, lakini jibu lake halikuwa gumu kama tulivyodhani sote. Magari ya ukoo huu, pamoja na 260Z na 280Z yaliyofuata hadi mwaka 1978, yaliuzwa zaidi ya 500,000, na wapenzi wake katika Marekani na Japani ni wengi kiasi kwamba yako maduka yanayoishi kwa kuwauzia wao tu. Mipira ya milango, mabomba ya breki, gasketi za injini, hata vipande vya bati vya kuziba sakafu, vyote hununuliwa vikiwa vipya. Kinachotakiwa ni subira na kuweka akiba. Tulikuwa tukiagiza mara moja kila baada ya miezi minne, kile tu ambacho fedha ya kuku iliruhusu. Bati la sakafu tuliliacha kuagiza. Fundi wa Gerezani alilikunja kwa mikono yake kutokana na bati la kawaida, akifuata mfano wa upande mzima, na leo huwezi kuutofautisha.

Mwaka wa pili ulipokwisha, mihimili ilikuwa imechomelewa, breki zote ni mpya, injini imefunguliwa, imesafishwa na kufungwa. Siku ya kuiwasha ikafika. Iliwaka. Lakini iliwaka kama mtu anayekohoa: mara inanguruma, mara inazimika, na moshi mweusi unafunika nguo za jirani zilizoanikwa. Vipuri vyote vya kabureta vilikuwa vipya. Hakuna kilichopungua. Kilichokosekana ni mtu wa kuzipatanisha kabureta mbili hizo ili zivute sawasawa.

Niliita mafundi vijana watatu, mmoja baada ya mwingine. Naomba nieleweke vizuri: hawa ni mafundi hodari. Mmoja wao huchomeka kompyuta yake ndogo katika gari la kisasa na kabla hujamaliza chai amekwishaijua kasoro. Lakini magari ya siku hizi hupuliziwa mafuta kwa amri ya kompyuta, na gari letu halina pa kuchomeka kitu. Kijana yule aliizunguka injini mara mbili, akafuta mikono, akasema kwa unyofu uliomstahi: "Mzee, hii nilisikia tu habari zake. Anayeijua ni babu mmoja wa kule Gerezani, kama bado yupo."

Alikuwapo. Ni mzee aliyepita umri wa miaka sabini, aliyeanza kazi ya ufundi akiwa kijana wakati magari haya yalipokuwa mapya. Karakana yake aliifunga zamani. Nilimkuta barazani kwake amekaa na bao la mbao, akicheza mkono wa kulia dhidi ya mkono wa kushoto. Nilipolitaja jina la gari aliacha kete hewani. Akauliza swali moja tu: "Kabureta zake za asili, au mmeweka za gari jingine?" Nikamwambia za asili. Akaingia ndani akatoka na kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono, kilichong'aa kwa kushikwa. Hakuchukua kitu kingine.

Alipofika uani binti yangu alimwamkia, "Shikamoo, Babu." Akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu. Baba yako anasema wewe ndiye mwandishi. Kalete daftari." Hakugusa spana. Alituambia tuiwashe injini, akaiacha ipate moto, kisha akaweka ncha moja ya mpira katika mdomo wa kabureta ya mbele na ncha nyingine sikioni mwake. Alifumba macho. Akahamia ya nyuma. Akarudi mbele. Ndipo akasema, "Huyu wa mbele anavuta kwa pupa. Huyu wa nyuma amelala. Silinda tatu zinafanya kazi ya wenzao."

Akatufafanulia, naye binti akiandika. Ndani ya kabureta ya aina hii kuna pistoni inayopanda na kushuka kwa mvuto wa hewa. Chini ya pistoni kuna sindano nyembamba iliyochongoka, iliyoingia katika tundu la mafuta. Injini ikitaka hewa nyingi, pistoni hupanda, sindano hutoka tunduni kidogo, na mafuta zaidi hupita. Juu humiminwa oili kidogo ili pistoni isirukeruke. Chini kuna nati ya kushusha na kupandisha tundu: ukilishusha mafuta huongezeka, ukilipandisha hupungua. Kwanza zisawazishe pumzi za kabureta zote mbili kwa skrubu za hewa, mpaka mlio unaokuja mpirani uwe mmoja. Kisha pima mafuta: inua pistoni kidogo sana, kama unene wa ukucha. Injini ikienda mbio na kubaki hivyo, mafuta ni mengi. Ikitaka kuzimika, mafuta ni machache. Ikipanda kidogo kisha ikatulia, umefika.

Yote hayo yamo katika vitabu vya ufundi, na mtu aweza kuyasoma. Lakini mlio wa kabureta inayovuta sawasawa haumo katika kitabu chochote. Mzee alitupa mpira ule tusikilize. Mimi nilisikia upepo tu, mbele na nyuma, upepo mmoja. Binti alisikiliza kwa muda mrefu, akasema kwa wasiwasi, "Babu, wa mbele kama ana mluzi ndani yake." Mzee akamtazama bila kusema neno. Kisha akamwambia, "Shika bisibisi. Zungusha robo."

Walifanya kazi hiyo Jumamosi nne. Jumamosi ya kwanza mzee alizungusha na binti akasikiliza. Ya pili walibadilishana. Ya tatu mzee aliziharibu kabureta zote kwa makusudi, akakaa kwenye kiti akanywa chai, akamwacha binti azirudishe peke yake. Ilimchukua saa tatu. Ya nne alifanya vile vile, na ikamchukua dakika arobaini. Injini ilikuwa ikinguruma kwa sauti moja nzito na laini, na bilauri ya maji tuliyoiweka juu ya kifuniko chake haikumwagika.

Siku hiyo, nilipokuwa nikimsindikiza, nilimwuliza mzee kwa nini hakuwafundisha wengine miaka yote hiyo. Alijibu bila uchungu: "Mwanangu, hakuna aliyeuliza. Gari hazikuja, na mimi siwezi kufundisha kabureta kwa mdomo mtupu." Tukatembea kidogo. Akaongeza, "Tena mmekuja wakati wake. Sikio la kushoto liliondoka zamani. Hili la kulia nalo linaaga." Nikaelewa kwa nini kila mara alihamisha mpira ule kwenda upande mmoja tu wa kichwa.

Ndugu msomaji, maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Tulipolileta gari lile nyumbani, sote tuliamini kwamba kitu adimu ni vipuri. Vipuri vilivuka bahari vikaja. Kitu adimu kilikuwa Gerezani, mwendo wa dakika ishirini kutoka kwangu, kikicheza bao peke yake, na kilikuwa kikipungua kila mwezi bila mtu kukihesabu. Kipuri kikikosekana leo kitachongwa kesho. Sikio la mtu likizimika, hakuna duka la kuliagizia.

Wenzetu waliolitengeneza gari hili wanalijua jambo hilo. Nissan ni kampuni yenye viwanda na wahandisi wengi. Hata hivyo, tangu mwaka 2006 baadhi ya wafanyakazi wake wamekuwa na chama chao cha kujitolea cha kufufua magari ya zamani, wakifanya kazi baada ya saa za kawaida ili wajifunze jinsi waliowatangulia walivyofikiri na walivyotengeneza. Mwaka 2013 walilifufua lile Datsun 240Z lililoshinda Safari mwaka 1971. Kama kampuni yenye michoro yote kabatini inaona haja ya mikono ya vijana kugusa kazi ya wazee, sisi ambao ujuzi wetu mwingi haukuandikwa popote tuna haja kubwa zaidi.

Sisemi kila mtu anunue gari kuukuu. Ni kazi ndefu. Ina gharama, na asiye na kipato cha akiba hapaswi kuigusa. Yale masharti matatu ya mke wangu ningependa yabandikwe ukutani katika kila nyumba inayotaka kujaribu. Wala mwanagenzi asijivunie kufanya kila kitu. Kuchomelea mihimili na kukagua breki kabla gari halijatoka barabarani ni kazi ya mtu aliyefuzu, kwa kuwa breki zikishindwa anayeumia aweza kuwa mtoto wa mtu mwingine anayevuka barabara. Sisi tulifunga breki, lakini fundi mwenye cheti alizifungua tena na kuzikagua gurudumu kwa gurudumu, na fedha ya kazi hiyo niliilipa kwa furaha.

Ninachosema kinahusu zaidi ya magari. Katika kila mtaa yuko mama anayejua kurekebisha cherehani iliyopoteza mshono, bila kubadilisha kitu, kwa kusikiliza sindano. Yuko mzee anayejua kuziba jahazi kwa pamba na mafuta ya papa. Yuko seremala anayeunga mbao bila msumari. Tunawaita tukiwa na shida, tunawalipa, tunaagana. Mara chache tunampeleka mtoto asimame kando yao na daftari. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asipofua huvukuta. Siku hizi watoto wetu hata kuvukuta hawavukuti, si kwa uvivu wao, bali kwa sababu hatukuwaita uani. Mara nyingine hatuwaiti watoto wa kike kabisa, tukidhani grisi si yao. Binti yangu ndiye aliyeusikia mluzi ambao mimi sikuusikia.

Gari letu bado halijamalizika. Limepakwa rangi ya kwanza ya kijivu tu, kiti cha abiria hakina kitambaa, na saa yake haitembei. Rangi yenyewe itangoja kuku wa mwaka ujao. Mzee wa Gerezani huja Jumamosi akijaliwa nguvu. Siku hizi inabidi kumwita kwa sauti ya juu, naye hauombi tena ule mpira. Humpa binti, kisha humtazama usoni kujua injini inasemaje. Binti amemaliza kidato cha nne na ameomba nafasi ya kusomea ufundi wa magari. Daftari lile la kurasa 96 limejaa, tumeanza la pili.

Basi leo ni Jumapili, na huenda una saa moja isiyo na kazi. Gari lako chini ya turubai, kama unalo, laweza kungoja mwaka mwingine. Kutu haitalimaliza kwa wiki moja. Mfikirie kwanza yule mzee wa mtaani kwako anayejua kitu ambacho wengine wamekisahau. Nenda kamwamkie, ukae, umwulize. Nenda na mtoto mmoja, na mtoto huyo awe na kalamu.